Wageni wa Kaskazi Juu ya Mabibo

Msikilizaji, Alhamisi ya wiki iliyopita mvua ya vuli ilikatika kama saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa nimesimama pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, nikingoja bajaji. Anayepajua mahali pale anajua hali inavyokuwa mvua ikikatika. Matope yanafika kifundoni, mikungu ya ndizi inashushwa kwenye malori, wachukuzi wanapiga kelele upishe njia, na kila mtu ana haraka ya kwenda mahali ambako mwenzake anaharakisha kutoka. Hapo hapo kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, wakapanda juu kama moshi. Na juu ya kumbikumbi, msikilizaji, walikuwapo mbayuwayu.

Hawakuwa watano wala kumi. Anga yote kuanzia upande wa Urafiki hadi kule Kigogo ilikuwa imejaa vijindege vyeusi vyenye mkia wa panda, vikipanda na kushuka, vikikata kona ambazo dereva wa daladala angezionea wivu. Nikatazama kulia na kushoto nione nani mwingine amewaona. Hakuna. Muuza ndizi mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu huko juu.

Kisa cha mimi kusimama na kukodolea macho mbingu kama mgeni wa mjini ni ujumbe niliotumiwa siku hiyo hiyo asubuhi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko masomoni Ujerumani, upande wa mto Rhine. Alinitumia picha za video alizozipiga kwa simu yake: bata bukini mwitu, mamia kwa mamia, wakipita juu ya shamba lililokauka kwa baridi, wamejipanga kama kichwa cha mshale na wanapiga kelele huko juu utadhani ni wanafunzi waliofungua shule. Chini ya picha akaandika: "Mjomba, huku hata ndege wana nidhamu. Huko kwetu Mabibo juu kuna kunguru tu."

Maneno hayo yaliniuma, nakiri. Yaliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Kunguru tunao. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si wa kwetu, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, ati asaidie kusafisha takataka. Akavuka hadi bara, akazaliana, na leo anakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo anayethubutu kujenga kiota katika jiji hili. Aliitwa afagie uwanja, akajifanya mwenye nyumba.

Lakini kusema juu kuna kunguru tu, hapo kijana amekosea. Na kabla sijamweleza alivyokosea, nimkumbushe jambo moja kuhusu hao bata anaowasifu. Wengi wa bata bukini wanaofika kwenye mabonde ya Rhine kila mwaka, nao ni makumi ya maelfu, wanatoka Siberia na pande za kaskazini kabisa mwa Urusi. Kwao wao Ujerumani ndiko kwenye joto. Mpwa wangu anajifunika makoti mawili na kulalamika, kumbe bata wamekwenda kule kuota jua! Isitoshe, jina lenyewe tunalowaita linatoka kusini. Bukini ni jina la zamani la Waswahili kwa kisiwa cha Madagaska. Wazee wetu wa pwani walipomwona bata mkubwa asiye wa kwao walimwita kwa jina la nchi waliyoijua ng'ambo ya bahari.

Turudi kwa mbayuwayu. Mjini hapa tunamtaja tukitaka kumkejeli mtu. Tunasema akili za mbayuwayu, changanya na zako. Sijui nani alianza kumpima akili ndege huyu, maana habari zake ni hizi. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Chukua sarafu mbili za shilingi 500, uziweke kiganjani: huyo ndiye mbayuwayu mzima, pamoja na manyoya yake na safari yake. Wanaolelewa Uingereza, kwa mfano, huvuka Ufaransa na Hispania, huvuka bahari, huvuka jangwa la Sahara, wakateremka hadi Afrika Kusini, mwendo wa karibu kilometa 10,000. Kwa siku moja anaweza kwenda kilometa 300, na chakula chake ni wadudu anaowakamata humo humo njiani akiruka. Wanaopita na kukaa kwetu Afrika Mashariki huonekana kuanzia Septemba, na ifikapo Aprili wengi wamekwisha kurudi kaskazini kutaga.

Wazungu wenyewe, waliokuwa wakiwaona wakitoweka kila mwaka baridi ikianza, walikaa karne nyingi bila kujua wanakwenda wapi. Mwaka 1555 askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wanaovuta wavu wenye samaki na mbayuwayu pamoja. Aliamini kwamba wakati wa baridi ndege hao huzama majini na kulala huko hadi joto lirudi. Baadaye Mwingereza mmoja, tena msomi, Charles Morton, aliandika kwamba ndege wahamao huenda mwezini. Usicheke sana, msikilizaji. Mimi nimezaliwa Mabibo, nimekulia Mabibo, na hadi nilipomaliza darasa la saba nilidhani mbayuwayu hutengenezwa na mvua.

Ushahidi ulipopatikana, ulitoka kwetu, tena kwa ukatili. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe. Walipomwokota walikuta shingoni mwake umepita mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Mtu mmoja katika bara hili alimchoma korongo yule, korongo hakufa, akaruka na mti ule shingoni mwake akavuka jangwa na bahari hadi kwao, ndipo akauawa kwa bunduki. Leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kila nikimfikiria nashindwa kuamua yupi kati ya wale wawili nimwonee haya, wa mkuki au wa bunduki.

Kwa mbayuwayu ushahidi ulikuwa wa upole zaidi. Mwezi Mei mwaka 1911, mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete nyembamba mguuni, pete yenye namba. Desemba 1912 mbayuwayu yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja huko Natal, Afrika Kusini. Tangu hapo hapakuwa na ubishi.

Natal. Hapo ndipo nilipotaka kufika, ingawa nilikusudia kulipita jambo hili haraka.

Kaka yangu mkubwa aliondoka Mabibo mwaka 1994. Wale wa umri wangu wanakumbuka miaka ile. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wanatafuta njia. Waliokaa karibu na bandari walizamia meli. Wengine walikwenda "Bondeni", yaani Afrika Kusini, kwa malori na kwa miguu kupitia Msumbiji. Mzee Mandela alikuwa ameingia madarakani mwezi Mei mwaka huo, na vijiweni ilisemekana kazi huko zinaokotwa. Kaka hakuaga. Alitoka asubuhi na mkoba wa shule, akasema anakwenda kutazama matokeo ya mpira kwa rafiki yake Manzese. Mwaka 1995 tukapata barua moja kutoka Durban. Baada ya hapo kimya. Baba alifariki mwaka 2006, tukazika bila yeye, na siku ile nilijiambia kwamba nina dada tu, sina kaka.

Mwaka 2010 simu ililia usiku. Sauti ikaniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna anayelijua ofisini. Sikujibu vizuri. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia redioni. Alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha, nadhani kwa kukosa la kusema, akaanza kunisimulia habari za ndege.

Alikuwa kibarua wa ujenzi upande wa kaskazini mwa Durban, ambako mwaka huo ulifunguliwa uwanja mpya wa ndege, King Shaka. Jirani na uwanja, mahali paitwapo Mount Moreland, kuna bwawa la matete. Jioni, mbayuwayu walikuwa wakikusanyika kulala juu ya matete hayo, na wakati ule walikadiriwa kufika milioni tatu. Kulikuwa na mabishano makubwa. Wapo waliosema matete yafyekwe, ndege wasije wakaingia katika injini za ndege za abiria. Wapo waliokataa. Mwishowe wakubaliana kufunga rada ya kuwaangalia mbayuwayu, ili marubani wasubiri kidogo pale kundi linapokuwa hewani. Matete yakabaki. "Kila jioni," kaka akaniambia, "natoka kazini nasimama nawatazama. Nikajua hawa wanapita kwetu."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huenda hao wa Durban hawapitii Mabibo hata kidogo. Tukaanza kuzungumza. Hatukumzungumzia baba. Tulizungumzia mbayuwayu, halafu mpira, halafu bei ya saruji. Mwaka wa pili ndipo tulipomzungumzia baba.

Najua msemo unaopendwa, kwamba ndege hana pasi wala mpaka. Ni msemo rahisi, na wenye kuusema aghalabu wana pasi mfukoni. Kaka hakuwa na karatasi. Kama angetoka asingeruhusiwa kurudi, na huko alikuwa amekwisha oa na kuzaa. Lakini mbayuwayu naye hapiti bure. Wengi wa makinda hawamalizi mwaka wao wa kwanza. Wanakufa jangwani kwa kiu, wanakufa katika dhoruba, wanaliwa. Anayefika amefika kwa bahati na kwa mbawa zake, na hao tunaowaona juu ya ndizi zetu ni waliobaki.

Mama yetu ni mtu wa Kilwa, binti wa nahodha, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mbayuwayu si peke yake. Alikuwa akisema kaskazi hailetei watu majahazi tu. Kwa mtu wa mjini nieleze: kaskazi ni upepo utokao upande wa Bara Hindi na Uarabuni kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na ndio uliowaleta wafanyabiashara wa kale katika pwani hii, wakarudi kwao na kusi. Mama alisema kwamba kaskazi ikianza, Kilwa walikuwa wakiona kereng'ende wengi mno, kisha vipanga wadogo, na wazee wakisema wametoka baharini. Nikiwa kijana wa diploma ya uandishi wa habari nilimcheka. Baharini, mama? Kereng'ende?

Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, alitoa maelezo yake. Alikuwa amewaona kereng'ende wakifika katika visiwa vile visivyo na maji baridi ya kuwafaa, kila mwaka majira yale yale, wakitokea upande wa India. Akaeleza kwamba wanavuka Bahari ya Hindi wakisukumwa na upepo huo hadi Afrika Mashariki, waje watage kwenye madimbwi ya mvua zetu za vuli. Wanaorudi si wale waliokuja, ni watoto na wajukuu wao.

Na vipanga? Yuko kipanga mdogo wa mto Amur, unaopita mpakani mwa Urusi na China. Hana uzito wa robo kilo. Kila mwaka hutoka kule, hupumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka bahari kwa kaskazi, zaidi ya kilometa 3,000 bila pa kutua, hadi kwetu, na kuendelea kusini. Kuna wanaodhani njiani hula kereng'ende hao hao. Mwaka 2012 dunia ilishtuka kuona picha kutoka jimbo la Nagaland, India: wanavijiji walikuwa wakiwanasa vipanga hao kwa nyavu za samaki, makumi ya maelfu, na kuwauza kwa kitoweo. Mwaka uliofuata, wanavijiji wale wale waliacha, tena wakawa walinzi. Mwaka huo 2013 baadhi ya vipanga walifungwa vyombo vya setilaiti, nao wakaonekana wakivuka bahari kuja Afrika kama mama alivyosema. Nilipomsomea habari hiyo aliniuliza: "Sasa na hiyo diploma yako walikufundisha nini?"

Basi ninaposema kijana wetu wa Ujerumani amekosea, nina sababu. Juu ya Mabibo panapita njia kuu. Ni vile tu sisi tumezoea kutazama chini, na kwa kweli ukiishi Mabibo ni lazima utazame chini, la sivyo utatumbukia katika mtaro.

Jambo linalonitia wasiwasi ni pa kulala. Mbayuwayu wanapenda matete, na matete yetu yako katika bonde la Msimbazi. Nimewaona mara nyingi jua likichwa wakiteremkia upande ule, wanazunguka, wanazunguka, halafu ghafla anga ni tupu. Bonde lile lina habari zake, na sizungumzi kama mtu aliyesahau. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa bonde la chini wakalipwa fidia na nyumba zao zikavunjwa. Mto utatanuliwa, kutakuwa na bustani kubwa ya jiji. Sina ugomvi na mradi huo. Aliyewahi kuona mtu akitolewa juu ya bati kwa kamba hawezi kugombana nao.

Ninachowaomba wahandisi ni kitu kidogo. Wanapochora ile bustani, na njia za kutembelea, na nyasi za kukata kila wiki, waache sehemu ya matete kama yalivyo. Matete ni machafu kwa macho ya mtu wa ofisini, najua. Yanafuga mbu na yanaficha wezi. Lakini yanachuja maji, yanashika udongo, na kuna msafiri wa kilometa 10,000 anayeyategemea. Durban waliweza kufunga rada. Sisi hatuombwi rada, tunaombwa tusifyeke kila kitu.

Na kwa vijana wenye manati, ambao nimewaona pale nyuma ya uwanja: mpige kunguru, nitawanunulia soda. Mbayuwayu mwacheni. Amepita Sahara, hastahili kufia Mabibo kwa jiwe la mtoto aliyetoroka tuisheni.

Usiku ule wa Alhamisi nilimjibu mpwa wangu. Nilimwandikia kirefu, zaidi ya nilivyowasimulia ninyi, naye akajibu kwa neno moja: "Kumbe!" Halafu nikampigia mama kumweleza kwamba wamefika. Alikuwa amekwisha kuwaona kutoka barazani, chini ya ule mkorosho wetu mmoja uliobaki. Mabibo ilipewa jina kwa matunda ya mikorosho, na sasa ukitaka kuonyesha mtoto bibo ni nini, unamleta kwa mama.

Nilikuwa na habari nyingine pia. Kaka amepata karatasi zake. Alinipigia mwezi uliopita akasema anakuja, yeye na mkewe na binti yao wa mwisho, kabla mwaka haujaisha. "Mwambie mama," aliniambia, "nakuja na kaskazi." Amekwisha kutuambia hivyo mara mbili huko nyuma, kwa hiyo nilikaa na maneno hayo mwezi mzima.

Nikamweleza. Mama alikaa kimya kidogo, nikasikia redio yake ikiendelea nyuma. Kisha akasema: "Mwambie huyo mtu anayetoka kusini huja na kusi. Kaskazi itamrudisha huko huko." Nikacheka, yeye hakucheka. Tukaagana.

Asubuhi ya Ijumaa, saa moja haijatimia, akanipigia yeye. Alitaka nimtafutie fundi seremala. Mlango wa chumba cha uani umevimba kwa mvua, alisema, haufungi vizuri, na kitanda kilichomo ni cha mtu mmoja.